Dizeli ya starehe Uingereza, dizeli ya pawatila Mabogini

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, kila mwezi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta Tanzania, wakitoa bei mpya naanza kupokea voisi za shemeji yangu, mkulima wa mpunga kule Mabogini, analalamikia dizeli ya pawatila, yaani katrekta kadogo ka kulimia, na mimi huku kusini mwa Uingereza kazi yangu ni kujaza dizeli kwenye boti za watu wanaotoka kutembea baharini wikiendi. Wote wanachoma dizeli, lakini kwenye kodi naona kwetu mkulima hatendewi haki kabisa, na linaniuma.

Kwanza mjue hizi boti zinakunywaje. Chukua boti ya mita kumi hivi yenye injini mbili, kila moja farasi 300, ukizikamua mpaka mwisho zote mbili zinakula kama lita 120 kwa saa. Huku lita ni zaidi ya pauni moja, kwaiyo saa moja tu zaidi ya laki tatu na nusu ya kwetu imeshaondoka, na hapo spidi yenyewe ni noti 25 hivi, yaani kilomita 46 kwa saa, hiace inayoogopa tochi pale Boma Ng'ombe inakuacha. Boti hiyohiyo ikienda noti 7 inatumia lita kumi hivi kwa saa, manake kwa maili moja ya baharini umetoka karibu lita tano umeshuka hadi lita moja na nusu. Ikienda taratibu inapasua maji tu, ila ukitaka ikimbie inabidi injini ziinyanyue tani zake zote ipande juu ya wimbi inalolitengeneza yenyewe, na mafuta yanaishia hapo. Ndio maana bei ikipanda wateja wangu wengi wanapunguza spidi tu, au boti inabaki gatini mpaka mambo yakae sawa.

Shemeji hana hiyo nafasi, zamu ya maji ikifika jaruba lazima livurugwe wiki hiyohiyo iwe bei imepanda au imeshuka.

Sasa kodi. Dizeli ninayojaza mimi ni nyekundu, imetiwa rangi makusudi ijulikane ikikutwa kwenye tenki la gari barabarani. Machi 2022 ushuru wake ulishushwa hadi peni 10.18 kwa lita, wakati wa dizeli ya barabarani, hata baada ya kupunguzwa mwezi huohuo, ulikuwa peni 52.95. Aprili 2022 wakawaondoa watu wa ujenzi kwenye hiyo nafuu, wakulima na wavuvi wakabaki nayo. Mwenye boti ya starehe anaruhusiwa kuinunua ila kabla sijaandika risiti lazima aniambie asilimia ngapi ni ya kuendeshea na ngapi ni ya hita na umeme wa ndani, wengi wanasema 60 kwa 40, anasaini, na ile ya kuendeshea analipa ushuru kamili. Yaani serikali inamuuliza mtu mafuta haya unaenda kufanyia nini, na anayekwenda kustarehe analipa zaidi ya anayelima. Mimi hilo nalikubali kabisa.

Kwetu hakuna anayeuliza. Landkruza inayopandisha watalii Ngorongoro na pawatila iliyozama kwenye tope Mabogini zinalipa tozo ileile kwa lita, pamoja na ile ya Mfuko wa Barabara, na pawatila jarubani inaharibu barabara gani jamani? Bajeti ya 2023 ikaongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati, napo hawakutenganisha.

Najua mtaniambia Wabongo tutachakachua, na ni kweli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo watu wakayachanganya kwenye dizeli mpaka 2011 serikali ikapandisha kodi yake, akaumia bibi wa kibatari kule kijijini ambaye hajawahi kuchakachua chochote. Kwaiyo mimi sisemi tulete dizeli nyekundu vituoni, japo vinasaba vya kutofautisha mafuta ya ndani na yale ya nje yasiyo na kodi tunavitumia miaka mingi na tungeweza. Nasema mkulima anunue kwa bei ya kila mtu, alafu arudishiwe tozo kwenye simu msimu ukiisha, kwa ekari alizolima. Daftari la kuanzia lipo, tangu 2022 wakulima wanasajiliwa kwa ajili ya ruzuku ya mbolea, wana namba zao, na ukubwa wa mashamba yao umeshaandikwa humo. Waongeze mstari mmoja wa pawatila na pampu, chama cha wamwagiliaji kithibitishe, maana kule kila mtu anajua pawatila ya nani imelima jaruba la nani. Waanzie hapo kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ambamo Mabogini imo, msimu mmoja tu, wabunge wa Kilimanjaro mnaosoma hapa naombeni mlipeleke hili bungeni.