Gego la mwisho likinyamaza, unaling'oa la nini?

Mwaka ukikaribia kuisha ofisi nyingi za Nairobi zinashikwa na homa moja, watu wanakumbuka kava ya bima ya meno inakata Disemba na pesa haivuki kwenda Januari, basi kliniki za Upper Hill na Westlands zinajaa watu ambao mwaka mzima hawakusikia hata kidokezo cha maumivu. Mmoja anaonyeshwa kwenye eksrei kwamba magego yake ya mwisho yamelala, anaogopa, na kwenye chakula cha mchana ushauri ni ule ule, toa yote manne umalizane nayo. Yule ambaye daktari wake alitazama picha akasema "hili tuliache, rudi baada ya mwaka" ndiye anachekwa, ati amelipa kuangaliwa mdomo bure, ati daktari mwenyewe anaogopa kazi.

Huyo daktari wa "tuliache" anaonewa, nasema mapema. Lakini wacha kwanza niwape wale wa "toa" haki yao, manake hawaongei upuzi.

Kwanza, kuna magego ambayo hayana mjadala. Kama fizi inayofunika nusu ya jino inavimba kila mara na kutoa usaha, kama limeoza, kama linakula mzizi wa jirani au kuna uvimbe wa maji ndani ya taya, ling'olewe, na mapema. Maambukizi ya huko nyuma yakishuka chini ya taya na shingoni yanaweza kuziba njia ya pumzi, watu wamekufa na hiyo kitu. Pili, umri. Mizizi ya gego la mwisho inakuwa bado haijamalizika kukua kwenye miaka ya kumi na kitu hadi ishirini na mapema, na mfupa wa huyo kijana unaachia jino kama hindi bichi linavyoachia punje. Ngoja mpaka 35, mfupa umekaza, mizizi imekomaa, operesheni inakuwa ndefu, uvimbe mkubwa na kupona kunavuta. Tatu, na hii ndiyo hoja yao nzito zaidi, ni gego la pili, lile jirani. Gego la mwisho likiinama kulielekea, chakula kinakwama katikati mahali mswaki haufiki, na siku unasikia uchungu unakuta lililooza ni lile zuri ulilokuwa unatafunia.

Waingereza wameyaona hayo. Mwaka 2000 taasisi yao ya miongozo ya afya inayoitwa NICE iliambia hospitali za umma ziache kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa. Miaka iliyofuata umri wa wanaong'olewa ulipanda kutoka ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, na madaktari wakaanza kulalamika kwamba wanakutana na magego ya pili yaliyoozea ubavuni. Kwa hivyo anayesema kungoja hakuna gharama, huyo naye hajaangalia vizuri.

Sasa turudi kwa jino lenyewe ambalo watu wanabishania, lile lililonyamaza. Haliumi, fizi haina shida, eksrei haionyeshi kitu, limelala tu huko chini. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima, waliangalia tena swali hili mwaka 2020 wakasema ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono wala kupinga kung'oa magego kama hayo. Na ile sababu inayopendwa sana na wazazi, kwamba yatasukuma meno ya mbele yapindane, tafiti hazijaiunga mkono, meno ya mbele ya chini hubanana na umri hata kwa mtu asiye na magego ya mwisho kabisa. Marekani ndiko desturi ya kutoa yote ilishika mizizi, makala moja kwenye jarida lao la afya ya umma ya mwaka 2007 ilikadiria meno kama milioni 10 kila mwaka kutoka kwa watu kama milioni 5, na mwandishi wake akasema angalau theluthi mbili hayakuwa na haja ya kutolewa. Mtu anaweza kubishana na hizo theluthi, lakini hata ukizikata nusu bado ni watu wengi mno.

Jambo ambalo halinitoki kichwani ni neva. Chini ya gego la mwisho la taya la chini inapita neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na upande wa ndani kuna nyingine ya ulimi. Zikiguswa, mtu anaweza kubaki na ganzi wiki kadhaa au miezi, mara nyingi inaisha yenyewe, lakini kuna wachache ambao haiishi. Vitabu vinasema ya kudumu ni chini ya mtu 1 kwa 100, na hapo ndipo wengi wanapumua, aah kumbe ni kidogo. Kidogo kwa nani? Kama jino lako lina usaha, hiyo hatari umeilipia kitu, umeondoa ugonjwa. Kama jino lilikuwa limenyamaza umelipia nini? Tuseme ni wawili tu kwenye elfu, halafu peleka hao elfu moja wenye meno matulivu kliniki mwezi wa kumi na mbili. Watu 998 watarudi ofisini na stori ya mashavu kuvimba. Wale wawili watakunywa chai imwagike kidevuni wasijue, watauma mdomo wao wakila wasisikie mpaka waone damu, mwanamume atajikata na wembe, na mwalimu au mtangazaji ambaye ulimi wake umekufa ganzi upande mmoja ataanza kujisikia anaongea vibaya hata kama wengine hawasikii tofauti. Na huwezi kujua kabla kama wewe ni wa 998 au wa wale wawili. Eksrei ya taya nzima inasaidia kukisia, mizizi ikionekana imeikumbatia neva hatari inapanda, na hapo daktari mzuri ataagiza picha ya pande tatu au atapendekeza akate kichwa cha jino tu aache mizizi. Watu wakisikia ameacha mizizi wanadhani ameshindwa kazi! Kumbe kwa jino la aina hiyo inaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Halafu kuna shimo kukauka. Jino likitoka, damu inaganda mahali pake na kufunika mfupa, hilo donge likitoka au likiyeyuka mapema mfupa unabaki wazi. Maumivu yanaanza wakati ulifikiri umepona, siku ya tatu hivi, yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, na panadol inakuwa kama haipo. Kwa meno ya kawaida inawapata wachache, lakini kwa magego ya chini yaliyokatiwa mfupa tafiti nyingine zinataja hadi watu 30 kwa 100. Sigara inaongeza, na vidonge vya kupanga uzazi pia vimehusishwa nayo, kwa hivyo kama unameza mwambie daktari, si siri ya kufichwa. Dawa yake ni kurudi kliniki shimo lioshwe na kuwekewa dawa, ambayo mara nyingi ina mafuta ya karafuu, hii hii karafuu ya Pemba. Na wewe unayetafuna muguka, hiyo nayo itabidi ingoje shimo lipone, na sijaona mtu wa muguka akikaa siku tano bila, kwa hivyo kama gego lako limenyamaza fikiria mara mbili kabla hujajiwekea hiyo adhabu.

Kupona kwenyewe kwa wengi si jambo la kutisha, inabidi kusemwa. Unauma pamba nusu saa au saa nzima, hutemi, huvuti kitu kwa mrija, husukutui mpaka kesho yake, na hapo ni maji ya chumvi ya vuguvugu taratibu. Uvimbe unafika kilele siku ya pili au ya tatu ndipo ushuke, taya linakaza mdomo haufunguki vizuri, unaishi na uji uliopoa, viazi vya kuponda na parachichi, githeri ngoja. Wiki moja au mbili wengi wako sawa, ingawa mfupa ndani unajaza shimo kwa miezi. Ibuprofeni na panadol pamoja zinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyoziheshimu, ila mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au pumu amuulize daktari kwanza. Antibayotiki nazo si pipi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalionyesha inabidi karibu watu 19 wenye afya wapewe ili mmoja aepuke maambukizi, na sisi hapa tunazichukua kwa kemisti kama chenji.

Lakini hizo wiki moja au mbili ni za nani? Mtu wa ofisi ana siku za ugonjwa. Mtu wa mjengo akiinama kubeba simiti siku ya pili anaweza kuanza kuvuja damu upya, na mama wa mboga wa Gikomba akikosa asubuhi tatu mtaji umeliwa. Kwa hao kusema "toa tu umalizane nayo" wakati jino haliumi ni ushauri wa mtu mwenye mshahara. Ndiyo, utaniambia likija kuuma baadaye atapoteza siku hizo hizo, sawa, lakini mengi hayaji kuuma, na huyo ambaye halikuuma umemwachia siku zake.

Pale ambapo "tuliache" inavunjika ni kwamba Nairobi haturudi. Daktari amesema mwaka mmoja, sisi tunasikia milele, tunarudi uso umevimba jicho halifunguki. Kungoja ni kazi, unakaguliwa, picha inapigwa tena ikihitajika, unasafisha huko nyuma hata kama mswaki unakutapisha, na kama pesa ni shida kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Argwings Kodhek ambapo madaktari wanafunzwa. Kwa hivyo mtu wa miaka 22, gego limetoka nusu, limemwinamia jirani, na anajijua kabisa hatarudi, huyo ningemwambia aling'oe sasa. Hilo moja, au mawili. Sijasikia bado sababu ya kumtolea na yale ya juu yaliyosimama wima na kutafuna vizuri, ati kwa sababu ganzi tayari imedungwa.

Kuna pia ile karatasi ya kusaini kwamba umekubali kung'olewa. Nyingi unapewa ukiwa tayari umelala kwenye kiti, taa iko usoni, na maneno ya neva yako chini kabisa kwa herufi ndogo. Iombe siku ya eksrei, ikae mezani pamoja na picha, umuulize daktari mzizi wako uko umbali gani na ile neva, na mkiliacha jino anatarajia nini kitokee ndani ya miaka miwili. Akijibu haraka haraka "usijali, ni kitu kidogo", hajajibu.