Kidumu, fagio na saa 75

Kila tunapokutana Watanzania wa huku Maryland hakosi mmoja wa kusifia shule za Wamarekani: "Wenzetu wanawafundisha watoto kujitolea, siyo sisi." Huwa nacheka. Mtoto aliyesoma Rungwe, Makete au Mufindi amejitolea kabla hajaweza kuandika jina lake bila kukosea. Darasa la kwanza tu unaambiwa paredini: kesho kidumu na fagio. Maji ya mtoni, usafi wa eneo, mawe ya msingi wa darasa jipya, tofali za kusomba kutoka tanuruni, samadi kichwani. Ukifika sekondari unakabidhiwa jembe na matuta yako, na kiranja anakuja kukagua. Kama ni kuhesabu saa, zile za hapa Maryland sisi wa Nyanda za Juu Kusini tungezimaliza tukiwa darasa la pili na chenji ikabaki.

Nazitaja saa kwa sababu huku zinahesabiwa kweli. Maryland ndilo jimbo la kwanza la Marekani kuifanya huduma kwa jamii kuwa sharti la kumaliza sekondari. Uamuzi ulipitishwa 1992, na wahitimu wa 1997 wakawa wa kwanza kubanwa nao. Mwanafunzi anatakiwa afikishe saa 75, au afuate mpango wa wilaya yake ya elimu uliokubaliwa na jimbo. Huna saa, huna cheti, hata kama hesabu umepata A.

Sasa, wanaosifia hawakosei kabisa. Wanasifia kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Watoto wa hapa hawafanyi kazi nyingi kuliko sisi, wala hawana moyo kuliko sisi. Tofauti ni kwamba kanuni ya jimbo inataka kila kazi iwe na maandalizi kabla, utendaji wenyewe, halafu tafakari baada ya hapo. Sisi tulikuwa na ule wa katikati tu. Tulitenda hadi viganja vikaota sugu, ila hakuna aliyetuuliza kwa nini, wala tulipomaliza hakuna aliyeuliza tumeona nini.

Binti yangu alikuwa na mradi wa kijito kinachopita nyuma ya mtaa wetu. Kijito chenyewe cha kuruka tu, mtu wa mto Kiwira angekicheka. Nilimsindikiza siku moja ya baridi nikamwona na viatu vya mvua, ameshika bomba refu la plastiki linaloonyesha ndani, kitako chake kina alama nyeusi na nyeupe. Anajaza maji, anachungulia kutokea juu, anayapunguza taratibu mpaka alama ionekane, anasoma sentimita, mwenzake anaandika. Maji yakiwa na tope, sentimita zinakuwa chache. Wakapima na tindikali kwa karatasi zinazobadilika rangi. Darasani walikuwa wameshaelezwa kwamba kijito hicho kinaishia ghuba ya Chesapeake, kwamba naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye nyasi za nyumba za watu zinalisha mwani, mwani ukifa unaoza na kuimaliza oksijeni, na kaa na chaza wanaokosa pumzi ndio walewale wanaouzwa sokoni. Kisha wakapanda miti kingoni. Kisha, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kusikiliza, wakatakiwa wasimame mbele ya wenye nyumba wa mtaa na kuwaeleza kwa nini wapunguze mbolea ya nyasi. Mzee mmoja aliwabana maswali kwelikweli. Alama za sayansi zilitoka kwenye yale majibu. Kwa kupanda miti hawakupewa kitu.

Miti nasi tulipanda. Nakumbuka mwalimu wa zamu alitupeleka kando ya chemchemi tukapanda mikaratusi, mistari imenyooka kama gwaride, na tukapigiwa makofi. Mikaratusi kwenye chanzo cha maji! Siku hizi kila afisa maliasili anahubiri iondolewe maeneo hayo kwa jinsi inavyokunywa maji. Na kinachonikera ni kwamba muhula uleule, kwenye jiografia, tulikuwa tunakariri Bonde la Tennessee la huku Marekani: mamlaka ilianzishwa 1933, mabwawa, umeme, kuzuia mmomonyoko. Hadi leo naweza kukutajia faida zake nikiwa usingizini. Dirishani tunaiona milima ya Uporoto, na maji ya upande wake mmoja yanateremka Usangu, yanaingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, yanakuwa Ruaha Mkuu, yanafika Mtera na Kidatu kuzalisha umeme wa gridi ya taifa. Ruaha Mkuu, mto wa viboko na mamba, umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi tangu 1993. Hilo nimekuja kulisoma nikiwa mtu mzima, huku ughaibuni.

Tennessee hiyohiyo imenifuata. Wamarekani wanaoandika historia ya mambo haya husema chimbuko la kuunganisha masomo na huduma liko Oak Ridge, jimboni Tennessee, ambako 1966 vyuo vilianza kupeleka wanafunzi na walimu wao kufanya kazi na vikundi vya maendeleo vya bonde lile. Machi 1967, miezi michache tu baadaye, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Usiisome kwa masimulizi ya waliochapwa shambani, isome yenyewe. Mwalimu hakuandika kwamba wanafunzi wawe vibarua wa shule. Alitaka shule iwe jumuiya inayojilisha, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kuhusu shamba lao, waone matunda ya jasho lao na waweze kulinganisha njia moja ya kilimo na nyingine. Alitaka pia elimu ya msingi imtoshe mtoto kwa maisha ya kijijini, isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Kwa maoni yangu andiko lile limewazidi wa Oak Ridge kwa mbali. Wenzetu walianza na mpango mdogo wakaulea. Sisi tulianza na falsafa nzima ya taifa, tukaikabidhi kwa kiranja mwenye fimbo.

Maana kilichoiua ni adhabu. Umechelewa namba? Kang'oe kisiki. Umeongea kilugha? Chimba shimo la taka. Umefeli jaribio la hesabu? Matuta kumi. Ukimfundisha mtoto kwa miaka kadhaa kwamba jembe ni malipo ya kosa, usishangae akipata digrii asitake kuliona. Na lingine tulilijua wote hatukulisema: kwenye shule niliyosoma, shamba la shule na shamba la mwalimu vilipakana, na mpaka wenyewe ulikuwa unahama kulingana na msimu. Wazazi wa sasa wakiona mtoto anarudi na udongo miguuni wanakuja juu, na siwalaumu.

JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, sitaki kuizungumzia sana. Wanachuo waliandamana Oktoba 1966 kuipinga, Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya mia tatu. Kwa vijana wa kidato cha sita ilisitishwa 1994, ikarudi 2013. Ina faida zake. Ila kijana anakwenda kambini baada ya mtihani, vitabu kashafunga. Masomo yako huku, utumishi uko kule.

Wasije wakadhani nimelewa maji ya Marekani, niseme na ya huku. Saa 75 zimegeuka sarafu. Wapo wazazi wanaotafuta mahali penye saa nyingi na jasho kidogo: kukunja fulana za mbio za hisani, kugawa chupa za maji, karatasi inasainiwa, mtoto hajajifunza lolote wala hajakutana na mhitaji yeyote. Nikimwuliza kijana wa rafiki yangu alifanya nini, anajibu, "Nilipata saa tano." Wenye fedha zaidi wanawapandisha watoto ndege mpaka kwetu, Iringa au Mbeya, wakapake rangi madarasa kwa wiki mbili. Wanapiga picha, wanaandika insha ya kuombea chuo. Fundi rangi wa Ipogolo yuko kijiweni anangoja kazi. Hapo sioni huduma wala somo, naona utalii.

Kwa hiyo ninaposema tujifunze kwao, sisemi tulete saa. Mungu atuepushe, kwa tunavyopenda mihuri, tutafungua na ofisi ya kuzigonga. Ninachotaka ni shamba ambalo tayari lipo lipelekwe darasani. Tuna hata neno la siku nyingi, shamba darasa, ila tumewaachia mabwana shamba na wakulima wazima. Mahindi yanapandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina: hekta moja inaingia mashina mangapi? Elfu arobaini na nne na ushee. Hiyo ni hesabu ya kidato cha kwanza, na jibu lake linasimama shambani linangoja kuhesabiwa. Hesabu yaliyoota, toa, tafuta asilimia, uliza kwa nini kona ile hayakuota. Kituo cha utafiti cha Uyole kiko pale kando ya barabara kuu. Mbegu ya mahindi UH6303 imetoka pale, na maharage ya njano yanayobeba jina la Uyole. Wanafunzi wa Mbeya mjini wanapita getini kila siku kwenye daladala. Wangapi wameingia na swali?

Au chukua viazi. Mtoto wa Isongole au Umalila anajua kubeba bomba la dawa mgongoni tangu akiwa mdogo, mara nyingi bila glavu wala kitambaa puani. Anajua ukungu ukitanda na mvua isipokatika, majani yatakuwa meusi na shamba litanuka. Anachojua ni kupuliza. Kwamba kiini cha ugonjwa ule ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuua watu kwa njaa, kwamba kinapenda baridi na unyevu uleule wa Uporoto, kwamba kupulizia dawa moja mfululizo kunaweza kukizoesha, haya yako kwenye biolojia au yanakaa jirani nayo. Kidato cha tatu wakitembelea mashamba ya kata yao, wakaandika nani kapuliza lini na nini kilitokea, watakuwa wamesoma biolojia na watakuwa wamekisaidia kijiji. Kijito vilevile. Pima mita kumi kwa kamba, achia kipande cha bua la mahindi kielee, hesabu sekunde, gawanya mita kwa sekunde upate kasi, pima upana na kina, zidisha vyote upate maji yanayopita. Fanya hivyo kila mwezi kuanzia masika hadi Oktoba, uone. Hakuna kifaa hapo kinachosubiri mfadhili.

Matokeo yasiishie kwa mwalimu. Kijiji kisheria kina mkutano mkuu walau kila miezi mitatu. Mwanafunzi asimame pale, asome alichokipata, kwa Kiswahili, mbele ya wazee wanaokijua kijito kile kuliko yeye. Kazi ya kidato cha nne iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kukariri itaonekana pale kama mwenyewe kaielewa au la. Na ninyi wa vyuoni, wa Mbeya na Iringa, mnaokwenda field miezi miwili mkarudi na ripoti iliyojaladiwa vizuri: nakala ya mtendaji wa kijiji iko wapi? Kile kijiji kilichowajibu maswali yenu kimejibiwa nini?

Najua walimu wataniambia, wewe uko kwenye hita huko unaongea tu. Madarasa yamefurika, hasa tangu ada ilipofutwa 2016. Mwalimu wa sayansi ni mmoja, na Baraza la Mitihani halitahini kijito. Hoja nzito, na ya mtihani ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu mzazi wa Kitanzania anasomesha ili mtoto afaulu, basi. Ila kidogo nasikia mlango umefunguka kwa huu mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza kutekelezwa 2024 baada ya sera kurekebishwa 2023. Wasiwasi wangu ni kwamba amali nayo itajifungia karakanani. Kijana wa useremala anatengeneza stuli ya kutahiniwa, inapigwa alama, inatupwa stoo. Shule ya msingi ya jirani watoto wanabanana wanne dawati moja, na wilaya hiyohiyo ya Mufindi ina msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini, malori ya mbao yanapita usiku kucha.

Kazi ya mtihani ikiwa dawati badala ya stuli, mtahini anakagua viungo vilevile, randa ileile, vipimo vilevile. Kijana angeanza kwa kwenda kupima urefu wa magoti ya watoto wa darasa la pili, na baada ya muhula angerudi kuona limelegea wapi. Walimu wakuu na watendaji wa Mufindi, Njombe na Kilolo mnaosoma hapa, niambieni: kinachozuia ni mwongozo wa wizara, au ni kwamba hakuna aliyekwenda kugonga hodi shule ya jirani?