Wote Tunakaa Mbali

Afisa rasilimali watu aliyenipigia simu wiki mbili zilizopita alikuwa na sauti ya upole na haraka ya kumaliza mazungumzo. Alinipongeza kwa kufaulu usaili, akanitajia mshahara, akanieleza kwamba ofisi ipo Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kisha akauliza nitaweza kuripoti lini. Nilipomjibu kwamba ninaishi Morogoro na mume na watoto wawili, na kwamba kwa kodi ninayoimudu itanibidi nipange Mbezi ya ndani au Kibamba, alicheka kidogo akasema, "Dada yangu, hilo lisikusumbue, hapa wote tunakaa mbali." Maneno hayo yamenikwama kooni kama mwiba wa perege tangu siku hiyo, kwa sababu aliyatamka kama faraja, na mimi nikayasikia kama kukiri kosa ambalo hakuna anayekusudia kulirekebisha.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akichokozwa hukimbilia daftari. Mshahara wa Dar unazidi wa sasa kwa shilingi 750,000, na kila niliyemwambia kiasi hicho alinyanyua mikono juu akamshukuru Mungu kwa niaba yangu kabla sijamaliza kueleza. Lakini katika hizo 750,000, mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 75,000. Kodi ya mapato inachukua asilimia 30 ya kinachobaki, yaani 202,500. Na Bodi ya Mikopo, ninayoirudishia mkopo wa chuo, ambayo haijawahi kunisahau hata mwezi mmoja, inachukua asilimia 15, yaani 112,500. Kinachonifikia mkononi ni 360,000. Nyumba yetu ya Kihonda tunalipa 200,000 kwa mwezi, na nyumba inayofanana nayo kule Mbezi Msakuzi ni 450,000, kwa hiyo kwenye ongezeko zima nabakiwa na 110,000. Nauli ya kwenda na kurudi Posta, pamoja na bodaboda ya kutoka nyumbani hadi lami, haipungui 4,000 kwa siku, ambazo kwa siku 22 za kazi ni 88,000. Na huku Morogoro nauli yangu ni kama haipo, kwa kuwa mume wangu hunishusha kazini kwa pikipiki akielekea shuleni kwake. Zinabaki 22,000. Kwa fedha hiyo ninatakiwa kulipia basi la shule la watoto wawili ambao leo wanakwenda shule kwa miguu, na msichana wa kazi wa kuwapokea jioni kwa sababu mama yao atakuwa amesimama kwenye gari akielekea Kimara.

Sijagusa bado fedha za kuingilia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, yaani 2,700,000, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kutupeleka hadi mlangoni, na kabla ya hapo alishachukua 10,000 ya kutuonyesha nyumba tatu, moja ikiwa haijapauliwa. Alituapia kwamba nyumba ya Msakuzi ni "dakika tano tu kutoka lami". Ni kweli kabisa, ikiwa umepanda bodaboda, barabara ni kavu, na dereva amekasirika.

Hata hivyo, fedha si shina la hasira yangu. Fedha ukizipoteza unaweza kuzitafuta tena, na wapo wanaohamia Dar kwa hasara ya miaka miwili wakijua mwaka wa tatu watapanda cheo. Kinachonikera ni kwamba katika hesabu zote nilizopigiwa na ndugu, marafiki, na yule afisa mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyeiandika barabara katika safu ya matumizi. Barabara huko imekuwa kama hali ya hewa: watu huilalamikia, huiombea dua, huisingizia wanapochelewa, lakini haimpitii mtu akilini kwamba yupo anayeilipia.

Basi nikaamua kuipima. Nilichukua likizo ya wiki moja, nikafikia kwa dada yangu Mbezi, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nikasafiri kwenda Posta na kurudi kana kwamba kazi nimeshaianza, nikiandika saa katika daftari. Nilitoka nyumbani saa 11:15 alfajiri, nikawa ninafika kwenye saa 1:30 asubuhi, tena ninafika mapema mno, maana ukichelewa kutoka kwa dakika 20 unafika umechelewa kwa saa nzima, na ndiyo sababu ukiingia maofisi mengi ya katikati ya mji asubuhi hiyo unawakuta watu wazima wamelaza vichwa juu ya meza. Jioni nilisubiri saa 11, saa ambayo ningetoka kazini, na nikawa ninafika nyumbani karibu saa 2 usiku. Niliona nilichokuwa nikisimuliwa: watu wanaopanda gari linaloelekea kusikokuwa kwao, wakalipa nauli ya kwenda mwisho wa njia ili wageuze nalo na wapate siti ya kurudia, yaani mtu ananunua kwa fedha na kwa nusu saa ya maisha yake haki ya kukaa chini. Mama mmoja mjamzito aliniambia hana njia nyingine, kwa sababu kule kupandia dirishani sasa hakumfai. Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha maharage.

Wastani wangu ulikuwa saa 5 kwa siku, na siku ya mvua sikuiingiza kwenye wastani, kwa huruma tu, kwani siku hiyo njia ya Jangwani ilifungwa kwa maji kama ilivyozoea, na nilifika kwa dada saa 4 usiku nikiwa na viatu mkononi. Saa 5 kwa siku 22 ni saa 110 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 9, unapata zaidi ya siku 12 za kazi, kila mwezi, zisizo na malipo, zisizoonekana kwenye hati ya mshahara, zisizohesabiwa kwenye kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwajiri wangu mtarajiwa, nina hakika, ataiheshimu sheria hiyo kwa ukamilifu: ataniachia saa 11 jioni juu ya alama. Saa 25 nyingine nitazitumikia barabarani, na wiki yangu itakuwa ya saa 70, na hakuna mkaguzi wa kazi atakayeniuliza kwa sababu mbele ya sheria wakati huo nitakuwa nimepumzika.

Afadhali saa hizo zingekuwa zangu peke yangu. Mtoto wa dada yangu yupo darasa la pili na ana miaka 7. Basi lake la shule hupita saa 10:45 alfajiri, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuchukuliwa, na baada yake basi huzunguka Mbezi yote likikusanya wengine. Kwa hiyo dada yangu humvalisha soksi akiwa bado amelala, humvika shati akiwa amekaa kitandani macho yamefumba, na humpa uji ambao huishia zaidi kwenye tai kuliko tumboni. Jioni hurudishwa akiwa wa mwisho kushuka, saa 12 kasoro, na baba yake akirudi saa 3 humkuta amelala tena. Siku ya tatu ya ugeni wangu nilikuwa mimi niliyemfungia viatu, na alifumbua jicho moja akaniuliza, "Mama mdogo, leo Jumamosi?" Nilimwambia ni Jumatano. Akafumba lile jicho.

Sitaki kuambiwa kwamba watoto huzoea. Najua huzoea. Mtoto huyazoea mengi ambayo mtu mzima angeyapeleka mahakamani.

Nyumbani Kihonda, mwanangu wa rika hilohilo huamka saa 12, hugombana na mdogo wake kuhusu kikombe cha bluu, hutoka saa 1 kasoro robo, na saa 9 yupo uani akipiga mpira kwenye geti la jirani, ambalo kwa kweli tutalilipa siku moja. Jioni huwa tunakula pamoja, mara nyingi mboga iliyoshuka asubuhi kutoka Mgeta. Sisemi maisha haya ni pepo. Mshahara wangu wa sasa huisha tarehe 20, na kuna miezi huisha tarehe 14.

Shemeji yangu, ambaye ameishi Dar miaka 20 na hulitetea jiji hilo kama anatetea timu, ananiambia kwamba nimekuja kutafuta ubaya. Ananikumbusha usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza mwaka 2016, daraja la juu la Ubungo, na njia nane za kutoka Kimara hadi Kibaha. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwendokasi ukikujia bila kujaa na ukipita bila kukwama ni usafiri ambao ungeweza kuubadilisha uamuzi wangu. Nilikutana nao wa namna hiyo mara moja katika safari kumi. Kuhusu njia nane, ni pana na zinapendeza, na nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017 ili zipite, ila mkondo wa njia nane ukishafika mahali penye njia chache, foleni haikuondolewa bali imesogezwa mbele. Tena jiji lenyewe haliachi kukua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 10 wameongezeka zaidi ya milioni moja, na sasa mimi ninaombwa niwaongezee wanne.

Hospitali ya Muhimbili ipo huko, nalijua hilo. Na vyuo vipo huko, na bahari.

Mume wangu, ambaye huficha wasiwasi wake ndani ya mzaha, alipendekeza nibaki Kihonda na niwe ninapanda treni ya umeme ya reli mpya, SGR, kila siku. Tulicheka, kisha nikaacha kucheka nikachukua kalamu. Tangu treni hiyo ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar es Salaam ni 13,000, na safari huchukua takribani saa mbili, umeme unafanya kazi, kila mtu na kiti chake. Maana yake ni kwamba mimi nikitoka Morogoro, mkoa mwingine kabisa, na dada yangu akitoka Mbezi, kilomita ishirini na ushee tu, tutafika katikati ya Dar kwa muda unaolingana, isipokuwa mimi nitakuwa nimekaa. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni shilingi 572,000, na ongezeko langu lote la mkononi ni 360,000. Hapo mzaha ukaisha.

Yeye mwenyewe ni mwalimu wa serikali, na kwake kuhama ni kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza au kutafuta mtu wa kubadilishana naye, na walimu wanaotaka kutoka Dar kuja Kihonda sidhani kama wamejipanga foleni, ingawa foleni ndiyo kitu pekee wasichokikosa. Huenda tukaishi nyumba mbili kwa mwaka mzima. Hilo nalo halimo kwenye hesabu ya mtu.

Kwa hiyo Jumatatu nilimwandikia yule afisa barua ya heshima. Nilimweleza kwamba kazi naitaka, na kwamba hesabu za vitabu hufanywa vilevile kwenye kompyuta iliyopo Kihonda kama kwenye kompyuta iliyopo Posta. Nikaomba niwe ofisini siku 3 kwa wiki na siku 2 nifanyie kazi nyumbani, au kama hilo haliwezekani, waniongezee posho ya usafiri inayolingana na umbali ambao, kwa maneno yake mwenyewe, wote wanakaa. Niliambatanisha jedwali. Shemeji anasema jedwali ndilo litakaloniponza.

Hadi leo Alhamisi sijajibiwa. Jana jioni dalali alinipigia kunijulisha kwamba nyumba ya Msakuzi imeshapata mpangaji, mama mmoja mwenye watoto watatu, na kwamba amelipa miezi 6 yote bila kuomba apunguziwe. Nilimuuliza mama huyo anafanya kazi wapi. Akasema Masaki, upande wa pili kabisa wa jiji.