Nilifunga siku tatu kuuliza nilichokuwa nakijua

Mwaka jana nilifunga siku tatu kwa ajili ya kizimba. Mimi nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, na kizimba kimoja karibu kabisa na yanapopakia malori kilikuwa kinaachwa na mwenyewe. Hesabu nilishapiga: magunia mangapi kwa wiki, wateja wa Congo nitawapataje, ada ya mtoto itatoka wapi. Wiki hiyohiyo kaka akanipigia simu kutoka nyumbani, kisiwani Ukerewe. Mama ameanguka, upande mmoja hauna nguvu, na hapo nyumbani hakuna wa kumshika mkono.

Nikaingia kwenye maombi. "Bwana, nionyeshe mapenzi yako." Niliomba kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Siku ya tatu nikawa nasoma Hesabu 22, nikakwama kwa Balaamu, nabii aliyeitwa na mfalme Balaki aende kuwalaani Israeli. Mungu alishamkataza kwenda. Balaki alipotuma wakuu wengine, wengi zaidi na wenye heshima zaidi, Balaamu akawaambia walale pale usiku huo, apate kujua Bwana atamwambia nini zaidi. Zaidi ya nini? Jibu alishapewa. Kilichopanda ni dau tu.

Nikaifunga Biblia. "Waheshimu baba yako na mama yako" naijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Nilikuwa naomba ishara kwa jambo ambalo amri ilishalisema, eti kwa kuwa amri haikutaja kizimba.

Ndiyo maana siku hizi naamini kwamba sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu haijafichwa popote. Tunahangaika na ya sirini, nioe nani, nihamie wapi, na yale tuliyoambiwa waziwazi tumeyaweka kiporo. Maneno "Mungu amesema nami" yananitia hofu, hasa mtu anapoyasema akiwa ameshalipia kiwanja. Huyo hatafuti mapenzi ya Mungu. Anatafuta muhuri.

Lakini sikubaliani hata kidogo na wanaofundisha kwamba Mkristo aue matakwa yake, asitamani kitu. Mtazameni Yesu Gethsemane. Kwanza alisema anachotaka: "uniondolee kikombe hiki." Ndipo ikaja ile "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke". Na Mathayo anasema aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale, maana yake halikuwa jambo la kusema mara moja likaisha. Sisi tunairuka sentensi ya kwanza ili tuonekane wa kiroho. Tunakimbilia "mapenzi yako yatimizwe" kwa mdomo, na moyo umebaki kulekule kwenye malori. Mungu atanyoosha vipi haja ambayo sijamletea?

Wavuvi wanaotuletea dagaa, mwezi ukiwa mpevu hawaingii ziwani, kwa sababu mbalamwezi inazizidi nguvu taa zao na dagaa hawaji. Wanavuta mitumbwi ufukweni, wanashona nyavu. Madeni yanawabana na hamu ya kuvua iko palepale, ila sijawahi kumsikia mmoja akigombana na mwezi.

Mimi niligombana. Nilipanda meli ya Nansio moyo umevimba, na wiki za kwanza nilimhudumia mama mikono ikifanya kazi na akili ikiwa Kirumba. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, kijiko, kisha namfuta ule upande wa mdomo uliolegea, kijiko tena, na jicho liko kwenye simu nikisubiri bei ya gunia. Mama akasema, kwa sauti iliyokuwa bado inakwaruza, "Zima kwanza hiyo, mwanangu." Nikazima. Uji ule alichukua karibu saa nzima kuumaliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nimtazame usoni muda wote huo.

Nilikaa naye miezi saba. Kizimba kilishachukuliwa na mwingine, na sikupewa kingine kizuri zaidi kama shuhuda nyingi zinavyokwenda. Mama sasa anatembea kwa fimbo hadi kwenye mwembe na kurudi. Mimi nimerudi Mwaloni, nauzia nyuma kabisa, na gunia la kufika kwenye lori nalipia mbebaji.

Kile kizimba bado nakitaka. Jana usiku nilimwambia Mungu hivyohivyo, kabla sijaenda kumuuliza mtu yeyote bei.