Jina la Tabu halikuwa laana

Makala yenu inawashauri wazazi wayaache majina kama Tabu, Shida na Mashaka kwa madai kwamba yanamwekea mtoto nuksi, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Majina hayo hayakuwa apizo, bali kumbukumbu ya hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa: Tabu kwa uzazi mgumu, Masika kwa aliyezaliwa wakati wa mvua, Sikudhani kwa yule ambaye mama yake alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Sikudhani, na kila tulipomuuliza maana yake alitusimulia, kwa fahari kubwa, miaka ambayo mama yake alimsubiri. Kwa Wasukuma, majina Kulwa na Doto humjulisha msikilizaji mara moja kwamba hao ni pacha na ni yupi aliyetangulia. Wajaluo nao wana Opiyo na Odongo, kisha anayewafuata huitwa Okello. Mzazi anayependa jina jipya alichague kwa uhuru wake, lakini namsihi aliandikishe pia lile la ukoo katika cheti cha kuzaliwa.