Bidhaa ilikuwa wapi aliposhikwa?

Kamusi za Kiingereza na Kiitaliano zina jibu la haraka: “shoplifting”, yaani wizi wa dukani, ni “taccheggio”. Gazetini jibu hilo linatosha, na wenye maduka nao watakuelewa. Kwenye karatasi ya mahakama halifai. Kanuni ya Adhabu ya Italia haina kifungu kinachoadhibu “taccheggio”. Kinachoadhibiwa ni “furto”, wizi, kifungu cha 624. Uingereza nako ni vivyo hivyo: mtaani anaitwa “shoplifter”, kizimbani anajibu shtaka la “theft” chini ya sheria ya wizi ya 1968. Basi kwenye hati ya mashtaka andika “furto”, na “taccheggio” uliache linakofanya kazi kila siku: “placca antitaccheggio”, kile kidude cha plastiki kinachobanwa kwenye nguo, na “barriere antitaccheggio”, zile nguzo za mlangoni zinazopiga kelele ukipita nacho.

Lakini kujua neno ni robo ya kazi. Kwa maoni yangu, mfasiri wa kesi za wizi wa dukani asifungue kamusi kabla hajajua bidhaa ilikuwa wapi mtu aliposhikwa, na nani alikuwa akimwona.

Chukua chupa ya whisky. Mtu ameitoa kwenye rafu, ameitia mkobani, bado hajafika kwa keshia. Kwa Kiingereza cha sheria wizi umeshakamilika, kwa sababu kinachotazamwa ni “appropriation”, yaani kujitwalia haki za mwenye mali, pamoja na nia isiyo ya uaminifu. Katika kesi ya Morris ya 1984 mtu alibandua vibandiko vya bei na kuweka vya bei ndogo. Majaji wa juu wa Uingereza waliona kwamba hilo, kwa nia aliyokuwa nayo, lilitosha kuwa “appropriation”. Huko Italia 624 inataka mambo mawili: “sottrazione”, kumwondolea mali anayeishikilia, na “impossessamento”, kuipata mikononi mwako kwelikweli. Mwaka 2014 majopo ya pamoja ya Mahakama ya Kasasheni, mahakama ya juu ya rufaa ya Italia, yaliamua, katika hukumu namba 52117, kwamba kama walinzi au mitambo ilikuwa ikiifuatilia bidhaa tangu ndani, na mtu akazuiwa papo hapo, hilo ni “furto tentato”, jaribio la wizi, hata kama ameshavuka keshia.

Hivyo ripoti ya mlinzi wa London inayosema “he stole two bottles and was detained at the exit” ukiitafsiri “ha rubato due bottiglie”, ameiba chupa mbili, umemwambia msomaji wa Milano kwamba wizi ulikamilika, wakati kwa sheria ya msomaji huyo huenda haukukamilika. Mimi ningeandika alichofanya kwa mikono yake: ametoa chupa, ameficha, amevuka keshia bila kulipa, amesimamishwa. Vitenzi vya mwili havihukumu mtu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana faida hapa, kwa kuwa sheria zetu zina kipimo cha tatu. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na cha 268 cha Kenya, kinasema mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Na kuna undugu usiotarajiwa: kanuni hizi zina asili yake katika ile ya Queensland, Australia, ya 1899, iliyoandikwa na Samuel Griffith, jaji mkuu wa huko, ambaye alikuwa na kanuni ya Italia ya 1889 mezani kwake. Griffith huyohuyo alimtafsiri Dante, mshairi wa Italia, kwa Kiingereza. Sheria yetu ya wizi, kwa maana hiyo, ilishapitia mkononi mwa mfasiri wa Kiitaliano.

Tuje kwenye kile kidude cha plastiki, maana hapa neno moja linaweza kumwongezea mtu miaka. Kiingereza kinapenda “removed the tag”. Kimeondolewaje? Kama kimevunjwa au kukatwa, Italia inahesabu matumizi ya nguvu dhidi ya vitu, na adhabu inatoka miezi 6 hadi miaka 3 kwenda miaka 2 hadi 6 kwa kifungu cha 625. Kama kimechomolewa bila kuharibika, hoja hiyo inayumba. Asili ikisema “removed” tu, andika “rimosso” na uishie hapo. Usiandike “rotto”, kimevunjwa, kwa kuwa linasikika vizuri zaidi.

Mkoba una mtego wake. “Foil-lined bag”, mkoba uliotandazwa karatasi ya alumini ndani ili nguzo zisisikie kitu, ni “borsa schermata”. Nimeliona kosa la “borsa foderata”, yaani mkoba wenye bitana, kama wa bibi yeyote anayekwenda sokoni. Tofauti ni kubwa kisheria: kuficha bidhaa kwenye nguo au mkoba wa kawaida si “mezzo fraudolento”, hila ya kuongeza uzito wa kosa, kwa hukumu ya majopo ya pamoja ya 2013, namba 40354. Mkoba uliotengenezwa mahsusi kudanganya alamu ni habari nyingine.

“Rapina impropria” wengi huitoa “improper robbery”, na Mwingereza anabaki akijiuliza unyang'anyi wenye adabu unafananaje. Maana yake: mtu ameshachukua, mlinzi anamshika, naye anamsukuma ili abaki na mali au akwepe mkono wa sheria. Sheria ya Kiingereza ya 1968 inataka nguvu itumike kabla tu ya kuiba au wakati wa kuiba, kwa hiyo “robbery” tupu linapotosha. Eleza kwa maneno kamili: nguvu iliyotumika mara baada ya kuchukua. Ajabu ni kwamba unyang'anyi wa kifungu cha 285 cha Tanzania unataja waziwazi nguvu ya mara baada ya kuiba kwa nia ya kubaki na mali. Mswahili analielewa neno la Kiitaliano haraka kuliko Mwingereza.

Maneno yanayofanana sura yana vituko vyake. “Vigilante” wa Italia ni mlinzi wa kampuni aliyevaa sare na kulipwa mshahara. Wa Kiingereza ni raia aliyejichukulia sheria mkononi. Fikiria barua ya malalamiko inayosema mteja alisimamishwa na “two vigilantes” karibu na rafu ya maziwa. “Commesso” ni mhudumu wa dukani, na pia ni “iliyotendwa”, kwa hiyo “furto commesso dal commesso” ni Kiitaliano safi, ingawa programu ya tafsiri inaweza kuhangaika nayo. “Palo” ni nguzo, na ni mwizi anayesimama nje kuangalia kama polisi wanakuja. “Spaccata” ni kutanua miguu hadi sakafuni kwenye mazoezi ya viungo, na ni kuvunja kioo cha duka kwa gari au nyundo na kuchota kilichopo. “Fence” wa Kiingereza si ua bali mnunuzi wa mali ya wizi, “ricettatore”. Na “shrinkage” kwenye hesabu za duka si nguo iliyopungua ukubwa baada ya kufuliwa: Waitaliano husema “differenze inventariali”, upungufu kati ya kilichoandikwa na kilichopo, ambao ndani yake mna wizi, uharibifu na makosa ya kuhesabu. Ukiandika “furti” umewaita wafanyakazi wote wezi.

Mwaka 2016 vichwa vya habari vya Kiingereza vilitangaza kwamba Italia si kosa tena kuiba chakula kidogo. Mtu asiye na makazi alikuwa amechukua jibini na soseji za euro 4.07 huko Genova. Mahakama ilisema “il fatto non costituisce reato”: kitendo hiki, kwa kuwa kilifanywa katika hali ya dharura ya njaa, si kosa. “Fatto” hapo ni tendo la mtu huyo siku ile, na fomula hiyo ni tofauti na “il fatto non sussiste”, yaani tendo lenyewe halikuthibitika. Waandishi walitafsiri hukumu ya mtu mmoja kama sheria ya nchi.

Mwisho, kibao cha mlangoni. “Shoplifters will be prosecuted” huonekana rahisi, lakini usichanganye “perseguiti”, watashtakiwa, na “perseguitati”, watateswa. Pia mwenye duka wa Italia hashtaki mwenyewe: tangu mwisho wa 2022 wizi wa kawaida mara nyingi hauendi mbele bila “querela”, ombi la mwathirika kwamba mhusika aadhibiwe, na ana miezi 3 ya kuliwasilisha. “Denuncia” ni kutoa taarifa tu. Kwa hiyo kibao kisomeke “In caso di furto sporgeremo querela”, ukitokea wizi tutawasilisha querela, kwa herufi kubwa, kwenye usawa wa macho, kabla ya vikapu.