Jina la mheshimiwa na jela ya mtangazaji

Mwaka 2007 mahakama moja ya Davao, kusini mwa Ufilipino, ilimtia hatiani mtangazaji wa redio Alexander Adonis kwa kosa la kumkashifu mbunge Prospero Nograles. Kosa lenyewe lilitokana na matangazo ya mwaka 2001, ambamo Adonis alizungumzia madai kuhusu maisha ya faragha ya mbunge huyo. Alihukumiwa kifungo cha kati ya miezi mitano na miaka minne na nusu, na alikaa gerezani karibu miaka miwili. Nograles alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi mwaka 2008, mtangazaji akiwa bado ndani.

Sina hamu ya kutetea umbea wa redioni, na mbunge ana haki ya kulinda jina lake kama raia mwingine yeyote. Ninachopinga ni jina hilo kulindwa kwa polisi, mwendesha mashtaka na gereza. Katika kesi ya madai, kiongozi hufungua jalada kwa jina lake, hulipa wakili wake na hudai fidia; katika kesi ya jinai, dola ndiyo inayomshtaki mkosoaji, ambaye huanza kutafuta dhamana kabla hata shahidi wa kwanza hajaitwa.

Sheria ya Ufilipino, iliyotungwa mwaka 1930, inazidisha uzito huo kwa kuchukulia kwamba kauli ya kukashifu ilitolewa kwa nia mbaya, hata kama ni ya kweli, isipokuwa msemaji aonyeshe kwamba alikuwa na nia njema na sababu ya haki. Kwa mchambuzi anayezungumza moja kwa moja hewani huo ni mtego, kwa sababu mengi asemayo ni maoni, na sijui ni kielelezo gani mtu angekipeleka mahakamani kuthibitisha kwamba waziri fulani ni mzembe.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua mwaka 2011 kwamba hukumu dhidi ya Adonis ilikiuka uhuru wa kujieleza. Mwaka uliofuata Ufilipino ilitunga sheria ya makosa ya mtandao iliyoongeza adhabu ya kashfa, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaibariki kashfa ya mtandaoni kuendelea kuwa jinai.

Mwaka huohuo wa 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua katika shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kumwandika mwendesha mashtaka, kwamba kifungo kile hakikustahili. Majaji wachache walitaka kwenda mbali zaidi, kashfa iondolewe kabisa katika jinai, nami nasimama upande wao. Kenya ilifika hapo mwaka 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Tanzania nayo ilirekebisha Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2023 na kuiacha kashfa iwe suala la madai, hatua ninayoipongeza kwa tahadhari, kwani kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kimebaki na adhabu yake kwa anayechapisha taarifa za uongo, na mwenye kushtaki ni dola ileile.